Nyenzo za kujificha machoni na kwenye kamera ya joto

Hizi ni vitambaa, rangi au tando nyembamba zilizosanifiwa ili kitu kifanane na mazingira yake kwa macho, na papo hapo kisibainike kwenye kamera inayoona joto. Kupata moja kati ya hayo ni rahisi. Kazi ngumu ni kuyapata yote mawili.

Jicho la binadamu huona mawimbi ya mwanga yenye urefu wa takriban mikromita 0.4 hadi 0.7 (mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Mwanga huo hutoka kwenye jua au taa, hugonga kitu, kisha hutufikia. Ndiyo maana sare ya mabaka husaidia: hurudisha rangi zinazokaribia zile za majani na udongo. Kamera ya joto haihitaji jua wala taa. Hupokea miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kila kitu hutoa chenyewe, hasa ya mikromita 3 hadi 5 na 8 hadi 14, kwa kuwa hewa huipitisha vizuri. Mwili wa mtu hutoa miale kwa wingi zaidi karibu na mikromita 9.5. Basi hata usiku wa giza, aliyevaa mabaka bado anang'aa kwenye kamera hiyo.

Wingi wa miale hutegemea jotoridi la uso na uwezo wa uso huo kuitoa, unaopimwa kati ya 0 na 1. Ngozi hufikia takriban 0.98, alumini iliyosuguliwa haifiki 0.1. Lakini ukijifunika alumini, mng'ao wake utakufichua mchana kweupe. Kwa hiyo wasanifu hupanga juu ya metali tabaka nyembamba sana, kwa mfano za gerimani na sulfidi ya zinki. Unene wake huamua ni rangi gani jicho litaona, kama zinavyotokea rangi kwenye utando wa mafuta juu ya maji, huku miale ya joto ikibaki kidogo.

Kwangu mimi, uhodari wenyewe uko kwenye hatua inayofuata. Uso usiotoa miale hupoa polepole, joto hulundikana chini yake, na mwishowe siri hufichuka. Dawa yake ni kuiacha nyenzo itoe miale kwa wingi kati ya mikromita 5 na 8, ambako mvuke wa maji hewani huifyonza kabla haijafika mbali. Joto linatoka, kamera haipati kitu.

Bado mazingira hubadilika: ardhi ya mchana si ya usiku, na kitu kinachoonekana baridi kuliko ardhi kinajitokeza vilevile. Hapo hutafutwa nyenzo zinazojibadilisha, kama dayoksidi ya vanadi, ambayo karibu na nyuzi 68 za Selsiasi hugeuka kutoka tabia ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme vizuri, kuwa ya metali. Utando wake ukipangwa vizuri, hupunguza miale pale joto linapopanda. Nyuzi 68 ni nyingi mno kwa mwili wa mtu, hivyo huchanganywa na tungsteni kidogo ili badiliko litokee kwenye joto la chini zaidi.