Ndoa ya Elizabeth Preston haikuwa ya mapenzi tu

Watu wanapenda ile hadithi ya karne ya 17 ya James Butler, kijana wa ukoo wa makabaila wa Ireland, kujibeba furushi mgongoni kama machinga ili aonane na Elizabeth Preston kwa siri, wakapendana, wakaoana, ugomvi wa mali ukaisha. Tamu kweli, na sisemi hawakupendana, ila hivyo sivyo ardhi ya Ormond, mali ya ukoo huo wa Butler kule Ireland, ilivyorudi kuwa moja.

Ilianza 1614 alipofariki earl (cheo cha kikabaila) wa 10 wa Ormond, babu mzaa mama wa Elizabeth. Cheo kikaenda kwa mpwa wake Walter, lakini mfalme James I wa Uingereza akaamua sehemu kubwa ya ardhi iende kwa wazazi wa Elizabeth, kwa sababu baba mtu, Mskoti Richard Preston, alikuwa kipenzi chake. Walter akagoma, akasota jela ya Fleet London mpaka 1625.

Halafu 1628 wazazi wote wawili wa binti wakafa, baba kwa kuzama baharini, na Duke wa Buckingham, kigogo wa serikali ya Uingereza aliyekuwa anamtaka binti kwa mpwa wake naye akauawa mwaka huohuo. Mlezi mpya, Earl wa Holland, alitaka chake kwanza ndipo aruhusu ndoa. Pauni 15,000 bwana, za wakati ule! Ndo mwisho wa 1629 James, mjukuu wa Walter, akamuoa, binti ana miaka 14 tu.

Na hakuwa mwanasesere huyu mama, maana miaka ya 1650 mume yuko uhamishoni ni yeye aliyembana Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati huo, mpaka akarudishiwa kipande cha ardhi yake, Dunmore.