Je, Wajua kwa Nini Unga wa Pizza Hurudi Nyuma Mtoto Anapousukuma?

Hapa kwetu Nakuru, Jumamosi jioni ni zamu ya watoto kupika, na wao huchagua pizza. Kila mmoja hupewa donge lake. Juzi binti yangu wa miaka 7 alisukuma lake hadi likatoshana na sahani, akageuka kuchukua bakuli la nyanya, na aliporudisha macho kibaoni likawa limejikusanya kama kisahani cha chai. Akasukuma tena, likarudi tena. "Mama, hii unga inakataa!" Machozi yalikuwa karibu. Kaka yake akamshauri aongeze nguvu, na hapo ndipo wengi wetu hukosea, hata sisi watu wazima, kwa maana unga huo ukiushurutisha ndivyo unavyozidi kukaza.

Kinachoivuta pizza nyuma ni gluteni. Ndani ya unga wa ngano mna protini mbili ambazo maji yakizipata hushikana: gliadini na glutenini. Ukikanda, zinajisuka zikawa nyuzi ndefu zilizofungamana kama wavu. Gliadini huufanya wavu huo utandazike, glutenini huufanya urudi ulikotoka. Unapomaliza kukanda na kuviringa donge, nyuzi zote zimekazwa. Zisukume wakati huo, nazo zitafanya kile ambacho blada hufanya wasichana wanapoiruka uwanjani: ukiivuta inanyooka, ukiiachilia inaruka mahali pake.

Lakini blada hiyo hiyo ikiachwa imefungwa baina ya miti miwili usiku kucha, asubuhi utaikuta imelegea. Unga nao una tabia hiyo, ila hauhitaji usiku mzima. Ukiachwa dakika 15 hadi 20, vifungo kati ya nyuzi huachana kidogo kidogo na kushikana upya bila mvutano. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, ni muda tu. Nililifunika donge la binti yangu kwa bakuli, nikamtuma akakwangue jibini. Aliporudi alilisukuma mara nne tu likakaa wazi, akaniangalia kana kwamba nimelibadilisha na jingine.

Mama yangu hakuwahi kulisikia neno gluteni, ila hakuna siku aliyosukuma chapati kabla ya madonge kukaa chini ya kitambaa chenye unyevu. "Wacha unga upumzike," alikuwa akisema, na sisi tulidhani anayepumzika ni yeye. Chapati zake pia zilikuwa na mafuta mengi ndani ya unga, na mafuta hayo huzipaka protini zisishikane sana. Ndiyo maana unga wa chapati huwa mtiifu kuliko wa pizza.

Ukitaka watoto waione gluteni kwa macho, fanya hivi. Chukua donge dogo kama ndimu lililokandwa vizuri kwa unga na maji pekee, lizamishe kwenye bakuli la maji baridi, umwambie mtoto alifinye polepole. Maji yatageuka meupe kama maziwa: hiyo ni wanga inayotoka. Badilisha maji, aendelee kufinya. Baada ya kubadilisha mara kadhaa atabaki na kitu cha rangi ya kijivu, kidogo, kinachovutika kama ubani wa kutafuna. Mtaliano mmoja, Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna, aliwaeleza wanasayansi wenzake kuhusu kazi kama hiyo mwaka 1728. Sisi tuliokulia upande wa Njoro, kwenye mashamba ya ngano, tuliijua kwa meno: unatafuna punje mbichi, unameza ule utamu wa wanga, na kinachobaki mdomoni kinakuwa bigijii ya bure hadi jioni.

Swali lililofuata lilikuwa zuri zaidi: mbona tusitumie unga wa ugali? Mahindi yana protini pia, lakini hazijisuki kuwa wavu unaovutika. Hamira ikitoa hewa yake, hewa hiyo haina pa kushikiliwa, inatoroka. Katika ngano, ule wavu ndio unaoibana hewa ya kabonidioksidi katika vipovu vidogo, na ndiyo sababu donge linaumuka. Kwa hiyo kile kilichokaribia kumliza binti yangu ndicho kinachomfanya aufurahie ule ukingo wa pizza uliovimba.

Kuhusu kuumuka, usiiamini saa. Dada yangu yuko Kisumu, kwenye joto la ziwa, na unga wake hujaza bakuli wangu ukiwa bado unajikongoja katika baridi ya Julai. Nakuru tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huvipa vipovu nafasi ya kupanuka, lakini hamira ikishikwa na baridi, hewa hiyo haisaidii. Tia maji ya uvuguvugu, yale ambayo mtoto akiyagusa kwa kifundo cha mkono hasikii moto wala baridi. Yakiwa moto sana hamira inakufa. Kisha subiri donge liwe maradufu, hata ikichukua saa mbili.

Vipimo vyangu: unga wa ngano nusu kilo, maji mililita 310, hamira kavu kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kiasi hicho hicho, mafuta vijiko viwili vya mezani. Yanatoka madonge manne. Oveni iwake mpaka mwisho wake kabla ya kuingiza chochote. Asiye na oveni atumie kikaango kizito: aivishe upande mmoja, ageuze, apake nyanya na jibini juu ya upande ulioiva, afunike kwa mfuniko na kupunguza moto mpaka jibini iyeyuke.

Na kama wageni wameshaketi mezani na hakuna dakika 20 za kungoja? Panga madonge manne mstari. Mtoto asukume la kwanza mpaka lianze kurudi, aliache hapo hapo, aende la pili, kisha la tatu, kisha la nne. Akirudi kwa la kwanza litakuwa limelegea kiasi, naye atalipanua kidogo tena. Mizunguko mitatu inatosha. Binti yangu siku hizi hulibonyeza kwanza kwa kidole, anakitazama kishimo, na kikijaa haraka anamwambia kaka yake, "Bado, endelea na hilo lingine."