Salamanda wa madoa ya njano: anavyosemwa na alivyo

Watu wengi wakimuona wanasema mjusi. Umbo ni la mjusi kweli, ila mwangalie kwa karibu: ngozi laini yenye unyevu, haina gamba hata moja, na vidole havina kucha. Huyu ni amfibia, ndugu yake ni chura. Nazungumzia Ambystoma maculatum wa misitu ya mashariki mwa Marekani na Kanada, mweusi, madoa ya njano mistari miwili mgongoni, urefu sentimita 15 hadi 25 hivi.

Eti anaishi majini. Hapana jamani, na hapa ndo watu wanapotea zaidi, maisha yake karibu yote yako chini ya ardhi ya msitu, tena mara nyingi kwenye vishimo vilivyochimbwa na panya au virukanjia wala sio vyake. Baridi ikianza kuisha, usiku wa mvua, anatoka, anatembea mpaka kwenye dimbwi la msimu, anazaliana, siku chache tu anarudi zake shimoni. Na dimbwi hilo kukauka kiangazi sio kasoro, ndo linalomfaa, maana samaki hawawezi kuishi humo na samaki wangemaliza mayai na watoto wote. Sasa ukilinda dimbwi halafu ukafyeka msitu unaolizunguka, umemuachia pa kuzalia ukamnyang'anya nyumba, na hilo linaniuma sana.

Mayai je? Yanakaa kwenye bonge la ute, mengine yana rangi ya kijani watu wanadhani yameoza. Kumbe ni mwani mdogo mno, unatumia taka za kiinitete (mtoto anayekua ndani ya yai) na wenyewe unakipa oksijeni, na mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba unaingia mpaka ndani ya seli zake!

Sumu anayo, ute mweupe unaotoka mgongoni na mkiani, ila kumgusa hakukuui, ni wewe unayeweza kumuumiza kwa mikono yenye mafuta au dawa ya mbu kwa sababu anapumua kwa ngozi pia.

Na asiambiwe hana faida: anakula wadudu, konokono na nyungunyungu, watoto wake wanakula viluwiluwi vya mbu, naye analiwa na nyoka, yaani chakula cha dimbwini kinafika msituni kupitia yeye. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kama gari halijamkanyaga akivuka barabara. Kule Amherst, Massachusetts, tangu 1987 wamewachimbia njia mbili chini ya lami, wanapita humo usiku wa mvua.