Fao la kukosa ajira: mwajiri, hugongi muhuri tu

"Sisi tunagonga muhuri tu, mengine ni ya NSSF." Kauli hii, kuhusu fomu ambayo mfanyakazi hupeleka NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania) kudai fao la kukosa ajira, nimeisikia kwa HR (maafisa rasilimali watu) wengi mno, sasa naijibu kabla haijaisha. Hapana. Afisa wa mfuko hakuwepo siku mlipoachana na huyo mfanyakazi. Uliyekuwepo ni wewe, na swali linaloulizwa ni nini kilitokea siku hiyo.

Ya msingi nayapita haraka. Fao hili lilikuja na mageuzi ya 2018, yale yaliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma kuwa PSSSF na kuiachia NSSF sekta binafsi. Aliyechangia miezi 18 au zaidi, hajafikisha miaka 55, na kazi imemwacha bila yeye kujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Tarehe ya mwisho ya kazi, mshahara na michango havina ubishi, ilimradi michango uliyokata uliipeleka. Kama uliikata ukakaa nayo, una kesi nyingine kabisa.

Ubishi uko kwenye sababu ya kuachana, na hapo ndipo wenye nia njema wanapoharibu zaidi ya wakorofi. Mtu anaitwa ofisini, anaambiwa kwa upole: "Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tusikuchafulie rekodi." Anaandika. Tena anashukuru! Akifika kudai fao, kinachomkatalia ni mwandiko wake mwenyewe. Ni kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, huyo ameachishwa. Lakini hilo linabishaniwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ndani ya siku 30. Afisa wa mafao hana nafasi ya kusikiliza ugomvi wenu. Anasoma barua iliyo mbele yake. Kama unamwachisha mtu, mwachishe wewe, kwa barua yako, na sababu yako iandikwe.

Pacha wa ugonjwa huo ni "amejiachisha kazi". Naliona neno hili kwenye mafaili na kichwa kinaanza kuniuma. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa zito, sikatai. Ila ni kosa la nidhamu. Anaitwa kwa maandishi, akikaidi kikao kinaendelea bila yeye, uamuzi unatolewa, na aliyesitisha mkataba ni mwajiri. Utoro haugeuki barua ya kujiuzulu kwa sababu HR amechoka kumtafuta mtu kwenye simu. Na mkataba wa muda maalumu ukiisha, andika kwamba umeisha. Basi.

Wapo pia waajiri wanaogoma kusaini fomu kwa hasira, wakidhani fedha zitatoka kwao. Marekani ningewaelewa: huko kodi ya mwajiri hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa, ndiyo maana wanapinga madai kwa nguvu. Hapa mchango ulikwishakwenda kila mwezi. Ukigoma huokoi hata senti moja.

Lakini utaratibu huo wa kwetu una ubaya wake. Kwa kuwa mwajiri haumii, mwajiri mpole humwandikia "amepunguzwa" mtu aliyeondoka mwenyewe kwenda kulima vanila Bukoba. Huo ni uongo kwenye fomu, hata ukiuita ubinadamu. Na upunguzaji huacha nyayo: notisi, mashauriano, hesabu ya kiinua mgongo. Ukiulizwa karatasi hizo utazitoa wapi?

Kuna sehemu moja ambayo mimi mwenyewe sijaridhika nayo. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba hajapata kazi nyingine. Mwajiri mpya akianza kumchangia, mfuko unaona. Akikaanga chipsi Mbagala au akiendesha bodaboda ya shemeji, nani ataona? Na je, hiyo tuiite ajira? Sijawahi kupata jibu linalonitosha. Nikiulizwa kama yule tuliyemwachisha Machi ana kazi sasa, najibu kwamba sijui, na yule HR anayejaza "hana kazi" kwa kujiamini, nashangaa amejuaje.