Kinanda cha Miguu Kilichonyamaza Kanisani

Kinanda cha miguu kilicholala kwenye stoo ya parokia kijijini bado si kuni. Mara nyingi kilichopotea ni pumzi tu, na pumzi hurudishwa.

Reli ilifika Kisumu, magharibi mwa Kenya, mwaka 1901. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua misheni ya Mumias mwaka 1904, na Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) wakaanza Maseno mwaka 1906. Kwa kanisa la kijijini, kinanda cha mabomba kilikuwa mzigo mzito: bomba moja la noti ya chini laweza kufika meta 2.4. Harmoniamu, aina ya kinanda cha miguu aliyoipatia hataza Alexandre Debain mjini Paris mwaka 1842, haina mabomba. Husikika kwa ndimi nyembamba za shaba zinazotikiswa na hewa ya mvukuto, bila umeme.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, piga picha kila upande. Nakili jina la kiwanda na namba iliyogongwa ndani, kisha waulize wazee wa kwaya kililetwa lini. Maelezo hayo yahifadhiwe pamoja na vitabu vya ubatizo. Ndiyo historia ya kanisa lenyewe.

Sasa kanyaga. Sauti ikikata mara tu mguu unaposimama, mvukuto unavuja. Panya hupenda kitambaa chake. Hapa mafundi wengi hukosea. Harmoniamu husukuma hewa nje, hivyo kiraka kibandikwe upande wa ndani, la sivyo hewa itakibandua. Vinanda vya aina ya Kimarekani hufyonza hewa, navyo huwekewa kiraka kwa nje. Usitumie selotepu wala plastiki: havikunjiki vizuri na gundi yake huacha utandu.

Noti moja ikinyamaza, vumbi limekwama kando ya ulimi wake. Lisugue taratibu kwa brashi laini na kavu. Usiukunje ulimi wala kuukwangua: ukikwanguliwa nchani sauti hupanda, ukikwanguliwa shinani hushuka, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Noti isiyokoma kulia ni kilio cha unyevu. Mbao zimevimba, au takataka imezuia kifuniko cha hewa kisifunge. Safisha kwanza, uache kikauke kivulini kwa siku kadhaa. Jua kali hupasua mbao. Kikirudi kanisani, kiinue juu ya vipande vya matofali, kisiguse ukuta, maana mchwa hupitia hapo. Chombo cha maua kisikae juu yake, hata Jumapili ya Pasaka.