Aleji ya umio haisomwi kwenye damu

"Daktari, picha ya damu iko sawa, eosinofili hazijapanda, kwa hiyo sina aleji ya umio." Mwingine anakuja seli hizo nyeupe za damu zimepanda, na tayari ameanzishiwa dawa bila kuchunguzwa umio. Wote wawili wamepotoshwa, na nimechoka kuliona jambo hili likijirudia.

Ugonjwa wenyewe umo kwenye utando wa umio: eosinofili hujikusanya humo, utando ukavimba na chakula kikawa kinakwama. Wagonjwa wengi damu yao ni ya kawaida kabisa. Tena huku kwetu eosinofili za damu hupandishwa na safura, kichocho, pumu na mengine mengi. Kinachoamua ni kinyama, yaani kipande kidogo cha utando wa umio, kinachochukuliwa kwa endoskopi, mpira wenye kamera unaopitishwa kooni: eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini kwa ukuzaji mkubwa, mgonjwa akiwa na dalili, na sababu nyingine zikiwa zimechunguzwa. Kipande kimoja hakitoshi, maana seli hizi hukaa kwa mabaka. Vichukuliwe 6 au zaidi, vya juu na vya chini, hata kama umio unaonekana safi kwenye kamera. Majibu yakirudi yameandikwa "eosinofili zipo" basi, ombeni namba. Bila namba ya mwanzo, baada ya matibabu tutalinganisha na nini?

Kipimo cha IgE (kingamwili za aleji kwenye damu) cha vyakula? Wagonjwa wanakilipia fedha nyingi, lakini hakituambii chakula gani kiachwe. Tunaondoa chakula, mara nyingi tukianza na maziwa, kisha tunarudia kinyama.

Halafu kuna "nimepona, chakula hakikwami tena." Mtazame akila: nyama anaikatakata vipande vidogo mno, kila tonge la ugali analisukuma kwa maji, wenzake wamenawa yeye bado anatafuna. Huyo hajapona, amezoea. Uvimbe ukiachwa miaka, umio hupata makovu na kuwa mwembamba.

Wanaouliza kipimo cha uzi, kipo: unameza kidonge chenye uzi, unakaa nao saa moja, unavutwa, zinapimwa protini kama eotaksini-3. Kinasaidia kufuatilia ugonjwa, nami ningefurahi kukiona kikienea, ila kinyama bado ndicho tunachokitegemea kuthibitisha.

Kwa hiyo ukianza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi), budesonide ya kumeza (steroidi ya kutuliza uvimbe) au mlo maalumu, panga kabisa tarehe ya kurudia endoskopi, wiki 8 hadi 12 baadaye, hata kama unajisikia vizuri.