Kabla hujalipia bunduki ya bolti: elimu kwa wawindaji na walenga shabaha

Msimu wa uwindaji unapokaribia, dawati letu la ukaguzi wa silaha za kiraia hupokea waombaji wengi, na malalamiko huwa yaleyale. Mtu amenunua bunduki, amelipa, kisha anaambiwa kibali chake hakiruhusu risasi ya kipimo hicho. Mwingine kibali chake hakina tatizo, lakini bunduki inampiga teke kiasi kwamba anafumba macho kabla hajavuta triga. Karibu wote ni raia wema waliokusudia kufuata sheria. Walipokosea ni kwenye mpangilio: walipenda bunduki kwanza, ndipo wakaanza kuitafutia kazi. Makala haya yanaanzia pale risasi itakapotua, kisha yanarudi nyuma mpaka begani.

Sitaeleza namna bolti, lile komeo la chuma linaloifunga risasi nyuma ya mtutu, inavyofungwa na kufunguliwa. Aliyefikia hatua ya kuomba kibali tunamchukulia kuwa anaijua.

Jiulize kwanza utapiga nini, na kwa umbali gani. Kwa swala wa ukubwa wa kati, sehemu yenye moyo na mapafu ni duara la sentimita 15 hadi 20 hivi. Chukua sahani ya sentimita 15, ipeleke kiwanjani, kaa au piga goti kama utakavyokuwa porini, bila meza na bila mifuko ya mchanga, kisha piga risasi tano. Umbali ambao hata moja kati ya hizo tano inatua nje ya sahani si umbali wako, hata kama bunduki ina uwezo wa kufika mara tatu ya hapo. Mlenga shabaha ana hesabu nyingine. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 300, duara la alama kumi lina kipenyo cha sentimita 10 na kaliba, yaani kipenyo cha risasi, haitakiwi kuzidi milimita 8. Katika mita 50 hutumika risasi ndogo iitwayo .22 Long Rifle, na duara la kumi lina milimita 10.4 tu. Ukishajua uko upande upi, nusu ya maswali yanayoletwa dawatini yameshajijibu.

Sasa kaliba, na hapa naomba nieleweke vizuri. Kuna imani kwamba risasi kubwa inasamehe ulengaji mbaya. Haisamehi. Risasi nzito iliyopita tumboni humwacha mnyama akiteseka kwa saa nyingi na humpeleka mwindaji kichakani kufuata damu, wakati risasi ya wastani iliyopita kwenye mapafu humwangusha karibu. Teke la risasi kubwa ya .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, ni zaidi ya mara mbili ya teke la risasi ya wastani ya .308 Winchester ya mwaka 1952. Asiyezoea hujifunza kuogopa ndani ya risasi chache, na woga huo hautoki upesi. Nimemsimamia mwombaji mmoja mwenye bunduki ya magnum, yaani ya risasi zenye baruti nyingi, ambaye hakugusa karatasi kwa mita 100. Tulimpa .22 akaweka risasi zote mahali pamoja. Macho yake na mikono yake havikuwa na kasoro. Alikuwa amechagua bunduki ya kuonyesha wenzake.

.375 ina mahali pake. Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu kuwinda nyati na wanyama wengine hatari, hicho ndicho kipimo cha chini kinachokubalika kisheria, na kuna sababu. Lakini kama unawinda swala na nguruwe pori, .308, .30-06 ya mwaka 1906, au 6.5x55 ambayo imekuwepo tangu 1894, zinatosha na kubaki. Risasi ya kawaida ya .308 hutoka mtutuni na nishati ya takribani juli 3,500. 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ina teke dogo na inapendwa na walenga shabaha wa masafa marefu. Kwa anayeanza kabisa, ushauri wangu haujabadilika kwa miaka yote: anza na .22 Long Rifle ya bolti. Risasi zake ni nafuu na hazimtishi mtu, nawe utapiga nyingi.

Hata hiyo .22 si mchezo wa watoto. Risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya .308 zaidi ya kilomita nne. Anayepiga mnyama aliyesimama juu ya mlima huku nyuma yake kukiwa na anga tupu hajui risasi yake itaishia kwa nani.

Majina ya risasi nayo yanaleta ajali. Zipo zinazofanana kwa jina na kwa umbo lakini haziingiliani. 8x57 I na 8x57 IS zimetofautishwa na herufi moja, ila kichwa cha risasi ya pili ni kinene zaidi, na kukilazimisha kwenye mtutu wa zamani wa ile ya kwanza ni hatari. Risasi ya .300 Blackout ikiingia kwenye chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) ya .223 na kufyatuliwa inaweza kuipasua bunduki mkononi. Maandishi ya kwenye mtutu na ya kwenye boksi la risasi yalingane mpaka herufi ya mwisho. Pia kichwa cha risasi kilichotengenezwa kwa shabaha za karatasi hakifai kwa mnyama, kwa sababu hakikuundwa kutanuka kwa namna inayotabirika mwilini.

Kuhusu mtambo wenyewe, bunduki nyingi za bolti za leo zina asili katika kazi ya mtengenezaji silaha Mjerumani Paul Mauser na mtindo wake wa mwaka 1898. Alama yake kubwa ni ukucha mpana unaolishika ganda mara tu linapotoka kwenye magazini. Mitindo mingine huisukuma risasi mbele na kuishika inapofika chemba. Kwa shabaha na kwa swala mifumo yote miwili inafaa. Kwa mnyama anayeweza kukurudia, ningechukua ule wa ukucha, maana hata ukiivuta bolti kwa papara haiachi ganda njiani.

Uzito ndio unaowatenganisha mwindaji na mlenga shabaha. Bunduki ya kutembea nayo porini huwa na kilo 3 hadi 3.5 kabla ya darubini, na mtutu wake ni mwembamba. Baada ya risasi tatu hadi tano mtutu huo hupata joto, na matundu kwenye karatasi huanza kutawanyika. Watu hutuletea malalamiko kwamba wameuziwa bunduki mbovu, kumbe wamepiga ishirini mfululizo na bunduki iliyoundwa kupiga moja au mbili. Mtutu mnene wa shabaha huvumilia, lakini bunduki yake huweza kufika kilo 5, 6 au zaidi, na hakuna anayeifurahia mlimani. Anayetaka moja kwa kazi zote mbili achukue .308 au 6.5 yenye mtutu wa unene wa kati, akijua kwamba amekubali kupoteza kidogo huku na huku.

Kitako kipimwe kwa mwili wako. Kwa mtu mzima urefu wa sentimita 34 hadi 35 kutoka triga hadi mwisho wa kitako ni wa kawaida, lakini mwenye mikono mifupi atahitaji kupunguziwa. Funga macho, inua bunduki tupu begani, fumbua. Kama inabidi uvute shingo ili uone katikati ya darubini, haijakukaa. Anayetumia mkono wa kushoto atafute bolti ya kushoto. Kitako cha mti, pamoja na sehemu yake inayopita chini ya mtutu, hunyonya unyevu na kuvimba. Pitisha kipande cha karatasi kati yake na mtutu, na kama kitako kilitengenezwa kisiguse mtutu lakini karatasi ikakwama, ulengaji utabadilika kila hali ya hewa inapobadilika.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inamtosha mwindaji. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma yake, la sivyo teke litaacha jeraha juu ya nyusi.

Kwa bunduki iliyokwisha tumika, angalia mdomo wa mtutu usiwe na pengo, na namba ya bolti ilingane na ya bunduki pale zote zinapoandikwa. Fundi aliyesajiliwa apime nafasi kati ya bolti na ganda. Hili halikadiriwi kwa macho. Kisha fanya jaribio hili, ikiwa tupu kabisa na mdomo umeelekezwa mahali salama: ikoki, weka kitasa cha usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie, halafu ondoa kitasa. Pini ikifyatuka yenyewe, usiinunue.

Nakuja kwenye kibali, ambapo maelezo yetu husomwa haraka na baadaye kutuletea kesi. Katika mifumo mingi ya sheria, kibali humtaja mtu mmoja, bunduki moja kwa namba yake, kaliba moja, na mara nyingi sababu ya kumiliki. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kibali, kisha malipo, kisha ukaguzi na usajili. Kubadilisha mtutu wa .308 kuwa wa 6.5 ni kubadilisha kaliba, na kibali cha zamani hakiufuniki. Kumwazima shemeji kwa wikendi moja ni kumpa silaha mtu asiye na kibali, hata kama ni mwindaji hodari kuliko wewe. Bunduki ya marehemu haigawiwi kama shamba: hukabidhiwa kwa mamlaka hadi mrithi apate kibali chake. Iliyopotea hutolewa taarifa mara inapogundulika, si baada ya familia kumaliza kuitafuta. Adhabu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kuanzia onyo na faini, kunyang'anywa silaha, kufutiwa kibali kabisa, hadi kifungo, na jibu la “sikujua” halifuti kosa. Soma sheria ya unakoishi, na ya unakokwenda kuwinda pia, kwani kuvuka mpaka na bunduki kunahitaji hati za pande zote mbili.

Nyumbani, bunduki ifungiwe kwenye kabati la chuma na risasi zifungiwe mahali pengine. Bunduki ya bolti ina faida ambayo wamiliki wengi hawaitumii: bolti hutoka kwa sekunde chache, na bila bolti haifyatuki. Itoe, uifungie peke yake, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Siku ya ukaguzi njoo na kibali na hati ya ununuzi. Bunduki iwe tupu, ndani ya mfuko uliofungwa, bolti ikiwa imetolewa. Usije na risasi ndani ya jengo. Aliyekuja nazo hurudishwa na kupangiwa siku nyingine. Kama utaendelea hadi kiwanjani kwa jaribio la kulenga, leta vizuia sauti vya masikio, kwa kuwa mlio wa nyingi ya bunduki hizi, ukiacha .22, huzidi desibeli 150 na sikio linaweza kuumia papo hapo kuanzia 140.